Mama Alipotibiwa kwa Jina la Shangazi

Shikamoo Bi Hasina. Naomba msaada wako, na kwanza naomba usiliandike jina langu, kwa sababu haya sijamwambia mtu yeyote, hata Warda ninayekaa naye dawati moja, na Warda huwa namwambia yote.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nakaa Msambweni, na si msemaji, mwalimu akiniita mbele ya darasa sauti hunikauka, lakini nyumbani mimi ndiye ninayewasemea watu kwa sababu najua Kiswahili na Kizungu, na hilo ndilo lililoniponza. Mama yangu ni Mdigo kama sisi ila ni wa Tanga, upande wa pili wa mpaka, baba alimuoa huko kabla sijazaliwa akaja naye hapa, na tangu hapo hana karatasi yoyote ya Kenya, kwa sababu baba, ambaye ni fundi wa kuezeka makuti kule Diani, husema, "Ndoa nimefunga mbele ya shehe, mke wangu ni wa hapa, nani atakayemwita mgeni?" Na kweli hakuna aliyemwita mgeni mpaka yalipokuja mambo ya SHA, hii bima mpya ya afya ya serikali. Mimi ndiye niliyemsajili baba kwa simu, tukafika mahali pa mke, ikatakiwa nambari ya kitambulisho chake, baba akaniambia, "Paruke hapo, tutaparudia." Hatukuparudia.

Sasa mwaka huu mama ameanza kutokwa na damu nyingi kupita kawaida, mpaka akiinuka hushika ukuta, na daktari wa hapa mtaani akasema ni uvimbe kwenye kizazi, aende hospitali kubwa akapasuliwe. Kesho yake baba akamwita shangazi Mwanaima, dada yake, ambaye ana kitambulisho na bima yake iko hai, na shangazi ni mtu wa roho safi, akasema hakuna shida, wifi yake atatibiwa kwa jina lake, kwani watu siku zote huwadhania ni ndugu. Mama akacheka, ndivyo alivyo hata akiumwa, akasema, "Kama leo mie ndiye Mwanaima, basi na mumeo awe wangu." Shangazi akamjibu, "Mchukue sasa hivi, na kukoroma kwake uchukue." Tukacheka sote, mimi pia nilicheka.

Hospitalini shangazi alikwenda dirishani, akabonyeza kidole chake kwenye mashine, akatoka nje kama anayekwenda kununua maji, na mama akaingia ndani kwa jina la shangazi, nami nikaingia naye, kwa sababu shangazi alishamuonya njiani, "Wifi, humo ndani usinene kitu, ukitaja tu foleni na zahanati, kama mnavyosema kwenu Tanga, watajua umetoka wapi, mwache mtoto aseme." Na mama, ambaye nyumbani hanyamazi hata akikuna nazi, alikaa pale kama bubu, ameukumbatia mkoba wake, ananitazama mimi. Muuguzi akawa anasoma kwenye kompyuta, akauliza kwa Kizungu kama kuna dawa inayomdhuru.

Mama hajui Kizungu. Na penisilini inamdhuru, Bi Hasina, alipochomwa sindano yake kule Tanga alivimba uso na koo mpaka pumzi ikamkatika, kisa hicho sote nyumbani tunakijua, hukisimulia mwenyewe na kuigiza macho yalivyomtoka. Lakini faili lililokuwa kwenye kompyuta ni la shangazi, na shangazi juzi tu alimeza vidonge vya penisilini vya jino asipate hata upele, nami nikaona nikisema ipo wataniuliza mbona humu hamna, basi nikajibu kwa Kizungu kwamba hakuna. Akaandika. Tulipotoka mama akaniuliza, "Alisemaje yule dada?" Nikamwambia, "Aliuliza umri wako."

Sasa amepewa siku ya kupasuliwa, ni wiki ijayo, na mama hajui hata kwamba aliulizwa. Nikisema ukweli bima itakataa, shangazi anaweza kushtakiwa, na mama naogopa watampakia kwenye gari wamvukishe mpaka pale Lungalunga arudishwe kwao, na mdogo wangu Tofiki bado hajui kulala bila yeye. Nisiposema, watamchoma ile sindano akiwa amelala hawezi hata kusema. Je, mgeni kama mama hawezi kupata bima yake mwenyewe, na ameishi hapa miaka yote hii, ametuzaa hapa? Na nimwambie nani kwanza?

Naandika kwenye karatasi nije kuipiga picha, kwa sababu simu ni ya baba na hurudi nayo jioni. Kila nikisikia mtu naisukuma chini ya godoro. Hivi sasa nasikia ndara za mama zinatoka jikoni, anaburuta miguu kidogo kwa maumivu, ameshafika ukumbini, na mkono wangu ulikuwa umeshakwenda godoroni lakini nimeurudisha. Karatasi iko mezani. Aisome.

Ni mimi,
Nisiyependa kusema mbele za watu, Msambweni

*

BI HASINA ANAJIBU

Marahaba, binti yangu. Jina lako silitaji, na ya wenzako nimeyabadilisha. Barua yako imenifikia, na chini ya jina ulilojipa nimekuta maneno ya mwandiko mwingine, ulioinama: "Mie ndiye mama yake. Nimesoma. Mtoto asigombezwe, na jibu utakalompa nipe na mie."

Kugombezwa utagombezwa kidogo. Lakini kwanza wasomaji wajue kwamba habari ya dawa haikungoja gazeti. Niliipigia nambari iliyoileta picha ya barua mara nilipomaliza kusoma, ilikuwa jioni na simu imesharudi nyumbani, akapokea mama mwenyewe. Nikamwambia kesho yake asubuhi arudi hospitali, ataje jina lake la kweli na kile kisa cha sindano. Akasema, "Lakini dada, nikifungua mdomo watajua." Nikamwambia, "Nao wajue." Akauliza, "Na mume wa Mwanaima nimrudishe?"

Amekwenda. Ameniletea ujumbe kwamba ile siku imefutwa, faili limefunguliwa upya kwa jina lake, na ataitwa tena. Akizidiwa na damu kabla ya kuitwa, mkimbizeni hospitali bila kuulizana. Katiba ya Kenya inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na maneno hayo hayabagui mwenye kitambulisho na asiye nacho.

Sasa wewe. Uliogopa, naelewa, na mzigo uliobebeshwa haukuwa wa umri wako. Lakini ulipojibu "hakuna" hukumlinda mama, ulililinda faili. Halafu ukamficha swali lililokuwa lake. Mtu akizibwa mdomo na wenzake, wewe ukamziba na masikio, amebaki na nini mle chumbani? Usirudie.

Shangazi Mwanaima, roho yako ni safi, na ulichofanya ni kosa la kisheria. Kumwingiza mtu kwa kidole chako ni udanganyifu hata kama unampenda. Umefikiria ingekuwaje wewe mwenyewe ukifika pale na maumivu ya tumbo, kompyuta imwambie daktari kwamba kizazi chako kilishapasuliwa? Nenda kabla hujaitwa, ueleze, faili lako lisafishwe.

Na wewe fundi wa makuti, shikilia mwamba wa paa nikwambie. Shehe alifunga ndoa, hakufunga uraia. Mke wa raia wa Kenya, ndoa ikitimiza miaka saba, ana haki ya kuomba kuandikishwa kuwa raia. Kuomba, nasema. Uraia haumfuati mke wenyewe kutoka msikitini. Miaka hiyo mmeipita zamani, wewe unawaambia watu "nani atakayemwita mgeni?" Aliyemwita mgeni ni wewe, ulipomwambia mtoto aruke pale pa mke.

Swali la bima, binti yangu, jibu lake ni kwamba anaweza, ila si kwa kukaa tu. Sheria ya bima ya afya ya jamii inamtambua mgeni mkazi aliyeishi nchini zaidi ya miezi kumi na miwili, ajisajili na achangie kama wengine. Anayekuja kwa muda mfupi ndiye anayetakiwa kuja na bima yake ya safari. Lakini ukazi huo huonyeshwa kwa hati: pasi ya kwao, na kibali au kitambulisho cha mgeni kinachotolewa na Idara ya Uhamiaji. Miaka aliyowapikia na kuwalea haionekani kwenye mashine. Akishapata hati, baba atamtia kwenye bima yake kama mke, pale mlipoparuka.

Basi fanyeni hivi. Baba atafute cheti cha ndoa kutoka huko Tanga walikooana, kilichoandikishwa, si maneno ya mashahidi. Wajomba zako walioko Tanga watafute cheti cha kuzaliwa cha mama, waanze mambo ya pasi yake. Kabla ya kwenda Uhamiaji, ulizeni mahakamani Kwale wanakopatikana wasaidizi wa kisheria, na mmoja afuatane nanyi. Sitakudanganya kwamba hakuna hatari. Mama amekaa muda mrefu bila kibali, anaweza kuhojiwa, anaweza kutozwa faini. Ndiyo maana nasema msiende peke yenu, na ndiyo maana nasema mwende wenyewe, msingoje kukutwa. Mke mwenye ndoa, watoto na mume raia anayesimama kando yake ana la kueleza. Aliyekutwa amejificha nyuma ya jina la wifi yake hana.

Gharama za upasuaji, kwa sasa, msizikimbie. Hospitali za umma zina afisa wa ustawi wa jamii. Mwoneni kabla ya siku ya kulazwa, mmweleze hali ilivyo, mpange naye mtakavyolipa. Baba ndiye aende, mambo hayo si ya mtoto wa shule.

Kazi yako wewe ni moja tu iliyobaki. Mama akiitwa, nenda naye, ukae kando yake. Muuguzi akiuliza kwa Kizungu, mfasirie mama neno kwa neno, kisha funga mdomo wako, ambalo najua kwako si gumu. Ngoja. Atajibu mwenyewe, na foleni yake, na zahanati yake, na macho yalivyomtoka.