Makasha Sita ya Manyamanyama

KITUO CHA POLISI, BUNDA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Dorotea Nyangi Wanzagi
Umri: Miaka 36
Kazi: Fundi, karakana ya kuunganisha magari ya Bernado Burito
Makazi: Musoma mjini
Tarehe: 9 Mei 1983, saa 3:20 asubuhi

Nimeelezwa kwamba nimeitwa kama shahidi, si mtuhumiwa. Naomba iandikwe kwamba makasha yanayoulizwa niliyaweka mimi.

Nilianza kazi kwa Burito mwaka 1974, karakana ilipofunguliwa. Vipande vya pikapu vilitoka ng'ambo kwa meli hadi Dar es Salaam, vikapanda treni mpaka Mwanza, halafu lori mpaka Musoma. Sisi tuliviunganisha, na bodi la nyuma tulilitengeneza wenyewe. Gari la kwanza lilituchukua siku arobaini na moja. Lilipowaka, Burito alikaa chini vumbini. Mpaka vita vya mwaka 1978 vinaanza tulikuwa tumetoa magari ishirini na sita. Baada ya vita fedha za kigeni hazikupatikana tena. Mafundi waliondoka mmoja mmoja. Tukabaki Burito, mimi na fundi Gati wa Butiama, tukaishi kwa kukarabati plau za ng'ombe.

Mwaka jana parokia moja ya Majita ilitumiwa fedha na wafadhili wake ili ipate pikapu ya zahanati. Kule mama akishindwa kujifungua hubebwa kwa baiskeli. Kibali cha kuagiza kutoka ng'ambo kilitoka, kimeandikwa: gari moja.

Mnamo tarehe 14 Aprili, saa 11 jioni, lori lililobeba makasha liliishiwa dizeli hapa Bunda. Nilikuwa nimepanda na mzigo. Dizeli haikuwepo mji mzima, na wiki zilizofuata haikupatikana. Niliamua makasha yote sita yashushwe kwa mama yangu, hapa hapa Manyamanyama, yafunikwe turubai. Burito alikuwa Musoma, hakujua. Nilimpelekea habari kesho yake.

Tarehe 18 Aprili alikuja Wenceslaus Kwangu, mfanyabiashara mwenye basi dogo. Aliniambia, "Dada Nyangi, niuzie hiyo giaboksi. Basi langu limelala miezi mitatu." Nikamwambia, "Giaboksi hii ina gari lake." Akasema, "Haya. Mtaona."

Tarehe 3 Mei, saa 4 asubuhi, kikosi cha kusaka walanguzi kilifika kwa mama na kuchukua makasha. Jioni Burito alikamatwa Musoma, akaletwa mahabusu hapa. Wenceslaus Kwangu alikuwa amewaambia kikosi kwamba tunaficha spea ili tuziuze kwa bei ya kuruka.

Kesho yake nilileta kibali kituoni. Kiongozi wa kikosi alikisoma akasema, "Hapa pameandikwa gari. Gari liko wapi?"

"Liko ndani ya makasha, afande."

"Mimi naona vyuma."

Nikamwambia, "Mlanguzi angekuwa na sukani ishirini. Hesabuni. Usukani ni mmoja. Ngoma za breki ni nne. Nipeni uwanja wenu na siku tatu." Wakacheka. Sajenti Keraryo, anayeandika maelezo haya, hakucheka. Alisema nijaribu, mradi hakuna kitu kitakachotoka nje ya uzio.

Tarehe 5 Mei, saa 1 asubuhi, Gati alifika na spana zake kutoka Butiama. Mke wake alikuwa amemkataza. Kabini ilikuja imeshachomelewa kiwandani, lakini fremu, ekseli, springi na injini tulivifunga kwa mikono, tukitumia winchi ya kuazima; bodi la nyuma tuliliacha, litawekwa baadaye. Watu walijaa kwenye uzio. Mmoja aliuliza kama kweli mwanamke ataunganisha gari. Nilikuwa na bolti mdomoni, nikaendelea kufunga.

Siku ya pili, tukiwa tunagonga ekseli, Burito aliita kutoka dirisha la mahabusu: "Nyangi, springi ya kushoto haijakaa. Tulikuwaga tunaisikia hivyo hivyo karakana." Nikaenda kutazama. Kweli haikukaa. Nilichelewa kidogo kutoka chini ya gari, kwa sababu sikutaka askari wanione uso.

Tarehe 7 Mei, saa 10:15 jioni, tulifunga betri ya trekta la misheni na kutia lita mbili za petroli. Gari lilikataa mara mbili. Mara ya tatu likawaka. Nililizungusha uwanjani mara tatu. Gati akapindua makasha yote mbele ya askari. Haikubaki hata nati.

Kiongozi wa kikosi alisema gari kuwaka hakuondoi kosa la kuficha. Akaniambia nikisema Burito ndiye aliyeamuru, naenda nyumbani. Burito hakuamuru. Niliamua mimi. Naogopa mahabusu kama mtu yeyote, nina watoto wanne. Lakini kama kushusha mzigo kwa mama yako ni uhujumu uchumi, andikeni jina langu, na mliandike vizuri, lina majina matatu.

Nimeyasema haya bila kulazimishwa, na nitayasema hivi hivi mahali popote nitakapoitwa.

(Sahihi) D. N. Wanzagi

MAELEZO YA ASKARI: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali ni sahihi. Nilimshauri aondoe sentensi tatu zinazoweza kumtia hatiani. Amekataa.
Sjt. Boniphace Keraryo

NYONGEZA, 23 Mei 1983: Kibali kimethibitika na hakuna spea iliyouzwa; Bernado Burito ameachiwa bila mashtaka. Shahidi hakushtakiwa. Vielelezo, makasha sita, vimerejeshwa kwa mwenye mali vikiwa gari moja. Limeondoka kituoni saa 5 asubuhi kuelekea Majita.
B.K.