Sekunde Saba za Fadhili

Jumatatu, 3 Februari

Niwie radhi, shajara. Nimekuacha kabatini tangu masika. Sikuwa mgonjwa wala mvivu. Nilikuwa na hasira, na mwenye hasira huandika asichoweza kukisoma baadaye.

Leo nimerudi kutoka chuoni saa tisa. Nimeloweka kunde. Nimepiga pasi gauni la kesho. Nimempelekea kaka yangu Charo chai chumbani. Hakutoka. Hatoki.

Nilifundisha shule za msingi mpaka nikastaafu. Sasa nasomea uandishi wa habari katika chuo cha jamii hapa Changamwe, miongoni mwa watoto wenye umri wa wajukuu wangu. Majirani wa Mikindani wanadhani nimechoka kukaa nyumbani. Mchungaji amenisifu mbele ya kanisa kwamba elimu haina mwisho. Sikumsahihisha. Nimekwenda chuoni kwa sababu ya mtu mmoja. Anaitwa Fadhili, mtangazaji wa kipindi cha asubuhi redioni, na kila Alhamisi atatufundisha. Nataka kuijua kazi yake, kisha nimwangushe kwayo.

Alhamisi, 6 Februari

Kipindi cha kwanza cha Fadhili. Shati la kitenge, manukato mengi. Ndege inapotua uwanjani hunyamaza, kidole kikiwa juu, mpaka ipite. Kisha huendelea pale pale alipoikatia sentensi. Ni ufundi. Nimekerwa kwa kulazimika kuuona.

Aliniuliza, "Na mama yetu, umefuata nini huku?"

"Kujifunza, mwanangu."

Darasa likacheka. Wanjiru, msichana wa Nakuru ninayeketi naye, akaninong'oneza, "Cucu, umemweza." Nimemwambia mara nyingi kwamba huku bibi huitwa bibi, na kwetu Wagiriama huitwa hawe. Huniitikia, "Sawa, cucu."

Fadhili hanijui. Natumia jina la marehemu mume wangu. Namchukia, nami namtazama usoni na kuandika anayosema.

Jumapili, 9 Februari

Nimempaka kaka piko nyeusi ya nywele tena. Mvi zikichomoza tu ananiita, hata kabla sijavua nguo za kanisani. Kwetu Kaloleni mvi zilikuwa heshima. Siku hizi mzee mwenye mvi na macho mekundu hutazamwa mara mbili. Macho ya kaka ni mekundu kwa jua na upepo. Amekuwa mgema maisha yake yote.

Niyaandike, maana sijawahi kuyaandika. Mwaka jana, asubuhi moja, Fadhili alifungua simu watu wazungumzie uchawi. Mpigaji mmoja akamtaja Charo mgema wa kwetu. Akasema ndiye aliyefunga mvua, ndiye aliyemuua mtoto wa jirani. Fadhili akacheka. Akasema hewani, "Haya Mzee Charo, ukiroga, sisi wa redio turuke."

Vijana walimwimbia maneno hayo njiani wiki nzima. Kisha wakaichoma nyumba yake. Kaka alikuwa juu ya mnazi, anagema. Aliwaona kutoka kule juu. Aliwajua wote, mmoja mmoja, na wazazi wao. Hakushuka mpaka walipokwenda zao. Hakukuta kitu.

Nilimleta kwangu, na hajapanda mnazi tangu siku hiyo. Hajasalimiana na mtu asiye mimi.

Alhamisi, 13 Februari

Nimepata nilichokifuata.

Tulikuwa katika studio ya chuo, chumba kilichobandikwa trei za mayai ukutani. Fadhili alitueleza kwamba sauti ya mpigaji simu haiendi hewani papo hapo. Mtambo huishika kwanza kwa sekunde saba. Mpigaji akitukana, anayekaa kwenye mtambo hubonyeza kitufe chekundu, na maneno hayo hufutika kabla ya kumfikia msikilizaji.

Nikainua mkono. Nikauliza kama redioni kwake kipo.

"Kipo, mama. Miaka yote kipo, hapa karibu na mkono wangu."

Nikauliza kama hukibonyeza mtu anapoitwa mchawi.

Akatabasamu. "Hicho ni cha matusi, mama. Wachawi tunawaacha wapite. Hapo ndipo simu humiminika."

Simu yangu ilikuwa mezani, inarekodi. Sote hurekodi masomo. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuagiza.

Mwaka mzima nilidhani maneno ya yule mpigaji yalimponyoka. Kumbe alikuwa na sekunde saba. Alizitumia kutafuta mzaha.

Jumamosi, 15 Februari

Ningeweza kuipeleka sauti yake kwa wanaozisimamia redio. Watamwita, watamwonya, atarudi kazini amevaa kitenge kingine. Haitoshi. Nataka aonje.

Mtihani wetu wa vitendo ni kipindi cha moja kwa moja katika redio ya chuo. Inasikika Changamwe yote, mpaka Mikindani. Mgeni wa siku hiyo ni Fadhili. Wanjiru atatangaza. Wenzangu waligombania maikrofoni kama kuku wanaogombania mtama. Kitufe chekundu hakuna aliyekitaka.

Nimekichukua mimi.

Jumamosi, 22 Februari

Mama Pendo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, amekubali kupiga simu. Atasema hewani kwamba Fadhili anafuga majini, na kwamba majini ndio waliompa sauti. Mimi sitabonyeza. Basi. Maneno machache tu, kama yale ya kaka.

Alifanya mazoezi uani akipeta mchele. "Mwalimu, nilie au nisilie?"

"Usilie. Sema tu."

"Bila kulia hawaamini. Niachie mimi, haya mambo nayajua."

Nilicheka. Sikuwa nimecheka muda mrefu. Nimeona raha, na sioni haya kuiandika.

Jumatano, 26 Februari

Kesho. Nimesali, lakini sikuitaja kesho katika sala.

Alhamisi, 27 Februari

Nitaandika kwa mpangilio.

Fadhili alikuja mapema, akamsifu kila mtu. Wanjiru alianza kwa woga, kisha akachangamka. Mimi nilikaa kwenye mtambo, vipokea sauti masikioni, mkono karibu na kitufe. Fadhili naye alivaa vyake, kwa hiyo alimsikia kila mpigaji wakati ule ule nilipomsikia mimi, kabla ya walio nje.

Mama Pendo alikuwa mpigaji wa nne. Alianza vizuri. Majini, sauti, bahati isiyo ya kawaida. Fadhili akatabasamu. Kisha Mama Pendo akaongeza la kwake, ambalo sikumtuma. Akalia. Akasema majini hao hutunzwa na mamake Fadhili, kule Kisauni, bibi wa mvi tele anayeuza mahamri kwenye kona ya msikiti, na kwamba watoto wa mtaa ule wanakonda.

Tabasamu likamtoka Fadhili. Mkono wake ukaenda kulia, ukapapasa meza tupu. Kitufe kilikuwa kwangu. Akanitazama. Alinitazama kama mtu aliye juu ya mnazi, anayewaona chini wakija na moto.

Nilitaka abaki juu hivyo. Nilimwacha kidogo. Hilo nalitaka liandikwe.

Kisha nikabonyeza.

Sikumsamehe. Yule kikongwe wa Kisauni simjui, na hajanikosea kitu. Hewani ukatokea ukimya, halafu Wanjiru akasema, "Samahani, wasikilizaji, simu imekatika," akaendelea kama mtu mzima.

Baadaye Fadhili alinifuata ukumbini. Alikuwa analia. "Mama, Mungu akubariki. Umeniokolea mzazi wangu."

Nikamwambia, "Mimi ni dadake Mzee Charo."

Akapangusa uso. "Charo yupi, mama?"

Hakumkumbuka. Nyumba nzima iliungua, na jina halikumkaa hata kichwani. Nilimweleza pale pale, nimesimama, tangu simu ile mpaka mnazi. Sikupaza sauti. Alipokaa chini sakafuni sikumwinua. Nilimwambia pia kwamba mpigaji wa leo nilimtuma mimi, ila mamake sikumtuma mtu amtaje. Ndege ilipita na safari hii hakuinua kidole.

Ijumaa, 28 Februari

Mama Pendo amekuja asubuhi, amenuna. "Umenikata, mwalimu. Nami nilivaa leso mpya ya kupigia simu."

Nilimkumbusha kwamba redio haionyeshi leso. Nikamkemea kwa kumtaja bibi wa watu. Tulikuwa tumesahau kwamba ukuta ni wa mabati. Kaka amesikia yote.

Fadhili amepiga simu mchana. Anaomba kaka akaketi naye redioni, katika kipindi kile kile cha asubuhi, amwombe radhi mbele ya walewale waliosikia mwanzo. Nimekata simu.

Jumapili, 2 Machi

Nimemsikilizisha kaka ile sauti niliyoirekodi darasani. "Wachawi tunawaacha wapite." Aliomba niirudie. Nikamweleza njia mbili zilizopo: akaketi na Fadhili hewani, au nimpeleke Fadhili kwa wakubwa wake pamoja na sauti yake. Nikamwambia ninayoitaka mimi, ile ya pili. Nilikuwa nimekwisha andaa gauni la kwendea.

Kaka akaweka kikombe cha chai chini.

"Ester," akasema, "nyumba iliyoungua ilikuwa yangu. Hasira nayo ni yangu. Nirudishie."

Nimewanyamazisha watoto wa watu miaka na miaka, na leo nimenyamazishwa.

Nikaleta bakuli la piko, maana mvi zilikuwa zimetoka. Akalisukuma kando. Akabeba kigoda mwenyewe, akaketi barazani, upande wa njia, mashina ya nywele yakiwa meupe juani. Msichana wa jirani akapita na ndoo ya maji. "Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu."

Mimi nilikuwa ndani, nachambua mchele. Niliacha kuchambua.

Ameomba muda wa kufikiri. Mimi ningekwisha amua, lakini si mimi niliyekuwa juu ya mnazi. Sauti ya Fadhili ipo, siifuti. Kaka akikata shauri, lolote lile, nitaliandika hapa.