Ndege Iliyofunikwa kwa Mabua ya Mpunga

Makanyagio,
S.L.P. 47,
Mpanda.
3 Septemba 1978

Mpendwa kaka Anselmo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima huko Tanga? Mkonge haujakumaliza mikono? Shemeji na watoto wanaendeleaje? Sisi huku tunapumua. Mume wangu Telesphor hajambo, watoto hawajambo, mimi nasumbuliwa na jino tu, lakini ulimi wangu unaujua, jino haliwezi kuuzuia.

Barua zangu mbili hukujibu. Sikulaumu. Uongo, nakulaumu sana, ila nimemwahidi Mama kwamba hii nitaiandika kwa upole.

Mama mgonjwa, kaka, mama aliyekuzaa wewe na kutulea mimi na Damiano. Nimetoka kukaa naye Usevya karibu mwezi mzima. Uji anakunywa na kisimani anafika, lakini amekonda, na kifua kinambana. Anataka jambo moja tu: msalaba usimamishwe kwenye kaburi la Mjomba Yohani, baba yako, siku ya Marehemu Wote mwezi wa kumi na moja. Makaburi ya wenzake yote yana misalaba, la kwake lina kijiti. Mkubwa wa nyumba ni wewe, na bila wewe hakuna anayethubutu.

Najua kwa nini huji. Siku ya mazishi uliapa kwamba hutakanyaga Usevya maadamu kaka yangu Damiano yuko pale. Ulimzuia kutupa udongo kaburini, ukamwambia mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye aliyemuua baba yako. Akainamisha kichwa, akaondoka. Mimi nilitaka kukurukia siku ile, Mama akanishika kitenge.

Mwaka ule wa ndege ulikuwa shuleni Tabora, kwa hiyo mambo uliyapata ya kusimuliwa. Niache nikueleze mimi niliyekuwepo.

Damiano alikuwa akiosha ndege ya wapima madini hapa Mpanda na kuijaza mafuta. Rubani wao alimzoea, wakiwa angani akawa anamwachia usukani. Leseni hakuwa nayo hata ya baiskeli. Krismasi alipotuambia kwamba anajua kurusha ndege, Mjomba alicheka mpaka akapaliwa na pombe, akasema, "Siku ukitua hapa na ndege, mimi nitakuwa Askofu." Basi, mpe kijana maneno ya namna hiyo! Jumapili moja ya Agosti, rubani akiwa kitandani na homa, Damiano aliichukua ndege peke yake bila kumuuliza mtu, akavuka pori lote la Katavi, akatua kwenye majaruba yetu ya mpunga tuliyokwisha kuvuna.

Tulikuwa ndiyo kwanza tunatoka kanisani. Wengine walirudi ndani mbio, wengine wakalala chini, maana siku zile redio ilikuwa imetujaza hofu ya adui. Mlango ukafunguka, akatoka Damiano na shati lake la kazi, meno yote nje. Kaka, sijawahi kumwonea mtu fahari kama siku ile. Mjomba alimbeba mgongoni, na watu wakamwita Mjomba "Baba Askofu" mpaka jioni.

Lakini gurudumu lilikuwa limepasuka kwenye tuta la jaruba, ndege haikuweza kuondoka. Jioni waliingia ndani kushauriana, Mjomba, Mama na Damiano. Mjomba alipotoka uso ulikuwa umekunjamana, akatuagiza tulete mabua ya mpunga. Kila nyumba ikaleta mzigo. Tuliifunika ndege ikawa lundo kama malundo mengine, kama watu wanavyoficha mtungi wa gongo wakisikia askari wanakuja. Tuliona tunamsitiri mtoto wetu. Ndege nyingine zilipita juu zikiitafuta, nasi tukazitazama kama wasiojua kitu.

Kumbe tulikuwa tunamchimbia shimo. Mgambo walipoigundua haikuwa tena ujinga wa kijana. Ikawa wizi, ikawa njama, wengine wakataja hata upelelezi. Mahakamani Mjomba alisimama akasema, "Mimi ndiye niliyeagiza ifichwe." Akafungwa, na Damiano akafungwa zaidi yake. Mjomba alirudi na kile kikohozi cha gerezani, na mwisho wake, Damiano naye akiwa ameshaachiwa, unaujua.

Wewe unaamini Damiano alimpigia baba yako magoti ili amfichie. Hata mimi niliamini hivyo, nikamchukia kidogo kimoyomoyo, Mungu anisamehe. Sivyo ilivyokuwa. Damiano alitaka kwenda asubuhi kwa Katibu Kata kujisalimisha, na Mjomba alikubali kumsindikiza. Wangemchapa, wangemfukuza kazi, pengine yangeishia hapo.

Aliyekataa ni Mama. Alilia jioni ile mle ndani, akasema hakumlea mtoto wa marehemu wifi yake ili ampeleke jela kwa miguu yake mwenyewe. Alidhani wenye ndege watachoka kuitafuta. Mjomba alimsikiliza, na mahakamani akalibeba neno la mkewe likawa lake. Haya Mama kaniambia mwenyewe mwezi uliopita, akaniambia, "Katarina, mwandikie mwanangu. Usinipunguzie."

Damiano alijua yote. Siku ile makaburini angeweza kufungua mdomo. Nilipomuuliza kwa nini alinyamaza, hata hakuinua macho, akasema, "Anselmo ana mama mmoja tu. Mimi acha anichukie. Kuruka niliruka mimi."

Na gharama ya kuruka huko ameilipa, kaka, anailipa bado. Kila anapoomba kazi wanamuuliza kama yeye ndiye yule wa ndege, kisha wanamwambia arudi kesho. Wazazi wa Verdiana walivunja uchumba alipokuwa gerezani, na sasa ukimtajia habari za kuoa anatoka nje. Walevi wanamwomba lifti ya kwenda Tabora, naye anacheka nao, na kicheko kile kinaniumiza kuliko kama angewapiga. Mpunga wa Mama analima yeye tangu ulipoondoka. Msalaba ameuchonga kwa mninga, kazi nzuri kabisa, lakini amesema hatausogeza makaburini. Wa kuusimamisha ni wewe.

Najua nimekutwisha mzigo. Hasira uliyompa Damiano sasa hujui uiweke wapi. Nilimwambia Mama hivyo hivyo, kwamba nikikuandikia haya utamchukia yeye. Akasema, "Aje anichukie ningali hai. Nikishakufa atamchukia nani?"

Msimu wa mvua unakaribia, barabara ya Usevya itaharibika. Ukichelewa sana utatukuta na kaburi la pili. Njoo.

Wasalimie shemeji na watoto, na yeyote wa kwetu unayekutana naye huko mashambani. Telesphor anakusalimu, shangazi Pelagia anakusalimu, Bartolomeo jirani anasema redio yake uliyoitengeneza bado inaimba. Mama anakubariki, na Bikira Maria akulinde njiani.

Salamu za Damiano sikuletei. Hajui kama nimekuandikia, na angejua angeichana barua hii. Za kwake zifuate mwenyewe.

Ni mimi dada yako nikupendaye, hata nikikugombeza,

Katarina