Nondo Asiye na Mdomo

Kitengela, Ijumaa

Chai ya maziwa, jamani! Mama amemwekea nondo wangu chai kwa kifuniko cha chupa. Nilimtoa msitu wa mlima wa Namanga akiwa kiwavi, na leo ametoka kwa kifuko, mabawa mapana kama kiganja.

"Mgeni halali njaa nikiwa hapa," Mama akasema.

Nikamweleza kwa hasira: huyu hana mdomo. Alikula yote akiwa kiwavi. Amebakisha siku chache tu apate dume, atage, afe. Mimi nilitaka kumdunga pini nimhifadhi.

"Na hapa kwa nyumba dume atatoka wapi?" Mama akauliza.

Naogopa nimemchelewesha, lakini kesho asubuhi namrudisha.

Mama anapika chapati za safari. Amehesabu za watu wawili: naye anakuja.