Mbwa Aliyekimbia Nyundo

Bunia, Nyakasanza

Baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Mgongo wako unaendeleaje? Na mama, bado anagombana na mbuzi wake kila asubuhi? Mimi ni mzima, kazi ya kuchomelea milango inaenda, na vidole vyote kumi bado ninavyo. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako mnaisikiliza watu wanane, na neno hili ni lako peke yako.

Baba, nilikudanganya. Uliponiuliza habari za Kapita, yule mbwa mdogo uliyenipa, mtoto wa mwisho wa mbwa wako aliyekufa, nilisema yuko vizuri. Siku hiyo alikuwa amepotea.

Kosa ni langu. Kila nilipogonga chuma alitetemeka na kujikojolea. Basi nikamfanyia kama patroni, yule tajiri aliyenifundisha kazi, alivyonifanyia mimi nilipoanza: alinisimamisha kando ya mashine ya kukata chuma, akasema masikio yatazoea yenyewe. Nami nikamfunga Kapita kwa kamba karibu na nyundo. Akaitafuna kamba, akatoka mbio hadi barabara kubwa, katikati ya pikipiki. Nilimtafuta siku mbili. Ningerudi nyumbani Mahagi na uso gani?

Mama Rita, jirani tunayekaa naye uwanja mmoja, alimkuta kwenye mtaro nyuma ya soko, akamleta amemfunga kwenye kitenge. Mimi mara moja nikaanza kutafuta mnyororo. Akanifokea mbele ya wateja:

"Anselme, weye ukona akili? Hii mbwa iko mutoto! Mutoto banamuzoezesha kidogo kidogo, habamufunge kamba!"

"Mama, siye wote tulijifunza kazi vile."

"Na weye haukukimbiaka?"

Nikaacha kutafuta mnyororo. Unajua, baba. Nilimkimbia patroni mara mbili, na mara ya pili ulinirudisha wewe mwenyewe, ukakaa nami pale mpaka jioni bila kunigombeza.

Tukaanza kumzoeza kelele kidogo kidogo, kwanza kinu. Kila Mama Rita alipotwanga sombe, yale majani ya muhogo, mimi na Kapita tulikaa mbali, kule kwenye ua, na kila mchi uliposhuka nilimpa kipande cha kichwa cha samaki. Kesho yake tulisogea hatua moja. Akilaza masikio, tunarudi nyuma. Halafu nyundo iliyofungwa kitambaa, halafu nyundo tupu, mashine ikawa ya mwisho. Wateja walicheka kwamba mbwa anakula kuliko fundi, na ni kweli.

Jana mchana mvua ilikuja ghafla, radi ikapiga, mabati yote yakalia. Lango lilikuwa wazi, mteja alikuwa anatoa mlango wake. Kapita akainuka, akaenda hadi langoni. Niliweka nyundo chini, nikamtazama bila kumwita. Akatazama barabara, akageuka, akaja kulala juu ya miguu yangu. Nilikaa chini nikalia kwa furaha. Mama Rita alifikiri nimeungua.

Nisalimie mama, dada yangu anayekausha samaki kule ziwani, na mjomba katekista, ila habari ya uongo wangu isimfikie. Nisamehe, baba. Lango lilikuwa wazi na shingoni hakuwa na kamba. Amebaki kwa kupenda mwenyewe.

Mwanao,
Anselme