Mwaka wa Tatu Bila Kutaniwa

Ijumaa, 24 Januari

Mwezi wa Thorri, ule wetu wa kale wa katikati ya baridi, umeingia leo, na upepo wake. Siku ya waume. Bonde zima wanawake wameamka mapema kuwapikia waume zao chapati za maji na kahawa. Mimi nimempikia mbwa yai. Amelifurahia kuliko marehemu mume wangu Ormur alivyowahi kufurahia chochote saa hizo za asubuhi.

Karamu ya Thorri ni Jumamosi, tarehe nane Februari. Vichwa vya kondoo nimeshavibabua. Korodani za madume zimelala kwenye maji ya maziwa mgando tangu tulipochinja. Nimeonja kipande, macho yakafumba yenyewe kwa uchachu. Safi kabisa. Chano alichoniachia Ormur kitajaa, nitakipeleka karamuni.

Ila kuna jambo linanikera, acha niliandike litoke kifuani. Tangu Ormur afe, kamati ya karamu haijanigusa. Karamu mbili zimepita. Pale jukwaani kila mtu huigizwa na kuchekwa — aliyetumbukiza trekta mtoni, aliyemsahau mkwewe kwenye kituo cha mafuta, hata daktari wa mifugo. Mimi? Wananiruka kama dimbwi la maji. Hapa kwetu asiyechekwa ni mgeni wa jana au maiti, na mimi nimezaliwa hapa.

Lakini safari hii nimewapa kitu! Septemba, siku ya kugawana kondoo walioshuka mlimani, nilimkamata dume mmoja pembe, nikaangalia alama ya sikio la kulia, nikasema huyu wangu. La kushoto sikulitazama. Nikambana katikati ya miguu nimkokote hadi zizini kwangu, kama tunavyofanya sote. Akakataa. Akaondoka na mimi mgongoni, mbio, mbele ya bonde zima, mpaka ndani ya zizi la jirani yangu Bergsveinn. Kwa mwenyewe! Na mimi nikaendelea kubishana nikiwa bado juu yake.

Hakuna aliyecheka. Walinishusha taratibu, wakaniuliza kama nimeumia, wakaniletea kahawa. Angekuwa mwingine wangemtungia beti papo hapo.

Mwenyekiti wa kamati mwaka huu ni huyo huyo Bergsveinn. Basi natumaini.

Jumatatu, 27 Januari

Theluji hadi dirishani. Bergsveinn kapita na trekta, kanisafishia njia bila kuombwa. Nikampungia, akanipungia. Uso mkavu kama samaki wa kuning'inizwa. Wanakamati wote huwa hivyo wakati huu, wasije wakatoboa siri. Dalili njema.

Alhamisi, 30 Januari

Mchungaji Eydís kaja. Binti mpole, hata miaka miwili hajamaliza kwetu, na wameshamtia kwenye kamati. Kanywa kahawa, kasifu keki, kazunguka na hali ya hewa weee. Mwishowe kalitoa. Kamati ilikuwa na mchezo kuhusu mimi na yule dume. Yeye ndiye aliyewasihi wauache.

"Nimewaambia, jamani, mwacheni Salvör, bado ana kidonda. Bergsveinn naye kaona ni kweli. Nikasema nije nikuambie, ili uje karamuni na moyo mtulivu."

Nikamshukuru. Nikamfungia na keki aende nayo. Alipopotea kwenye kona nikaipiga ndoo teke, sasa kidole cha mguu kimevimba.

Mchezo ulikuwepo! Walishautunga! Na siwezi kusema neno. Hakuna anayeomba kuchekwa. Ni kama kujipigia makofi mwenyewe. Kamati nayo haiulizwi kitu, ndivyo ilivyo tangu enzi za bibi yangu.

Nimelia kidogo. Hasira, si huzuni. Au zote mbili. Ormur angenicheka kuhusu yule dume mpaka akose pumzi, kisha angenisimulia mimi mwenyewe kisa changu kila Jumapili. Wengine wote wananisemesha kwa sauti ya hospitali. Nimechoka kuhurumiwa. Nimechoka kabisa.

Jumapili, 2 Februari

Kanisani. Mahubiri yalihusu upole. Nilikunja ngumi ndani ya glavu.

Jumatano, 5 Februari

Nimefanya jambo. Sijui kama ni busara.

Nilikwenda duka la ushirika saa gari la mkate linapofika, wakati watu wanajaa. Bergsveinn alikuwa kwenye foleni, mbele yangu kidogo. Nikapaza sauti.

"Bergsveinn, yule dume wangu unamlisha vizuri?"

Akageuka polepole.

"Dume gani?"

"Wangu. Uliyemng'ang'ania tangu Septemba."

Akanitazama sana. Nikaona ndani ya yale macho ya bluu kuna kitu kinajikwamua.

"Salvör, masikio ya yule mnyama yameangaliwa na bonde zima."

"Na watu wa upande wako tu."

"Si yeye mwenyewe alikuleta uone kwao?"

Fanney wa kwenye kaunta akatoa sauti kama birika, akajiziba mdomo kwa mkono. Nikamwambia acheke tu, asije akapasuka bure mbele ya wateja. Akacheka. Wakacheka wote! Yule Bergsveinn akaongezea: "Ukitaka kumpanda tena, jirani, nipigie simu mapema nimtandike."

Nikamjibu kwamba kwa mbio zile yeye na trekta lake wasingetuona hata vumbi. Mchungaji Eydís alikuwa kwenye rafu ya sabuni, mdomo wazi. Nikatoka bila siagi niliyoifuata. Njia nzima nacheka peke yangu, mbwa akinishangaa.

Ijumaa, 7 Februari

Nimeamka na mashaka. Karamu ni kesho. Mchezo uliotupwa haufufuki kwa siku mbili tatu, nguo na nyimbo zote. Pengine wamecheka dukani na hadithi imeishia dukani.

Baadaye. Eydís kapiga simu. Sauti ndogo. Kauliza kama kweli siumii watu wakinitania.

"Kinachoniuma ni kupitwa," nikasema. Nilijibu swali, sikuomba!

Papo hapo kasema samahani, lazima akimbie, ana kikao. Kikao cha nini, Ijumaa jioni? Sikuuliza. Nimeenda kuipiga brashi vizuri sketi yangu nyeusi.

Jumamosi, 8 Februari

Ukumbini. Nimejificha kwenye chumba cha makoti, nimekaa juu ya buti za watu, kalamu hii ni ya kuazima kwa Fanney. Mapumziko. Nimekula papa mchachu, ananuka vizuri mwaka huu, na kijiglasi kimoja juu yake. Viwili.

Sehemu ya kwanza imekwisha. Wamemwigiza Eydís — gari limekwama thelujini akienda kuhubiri subira, na maneno aliyoliambia gari. Alijificha nyuma ya kitambaa cha meza. Alipoinua kichwa alikuwa anang'aa. Ameshakuwa wetu sasa. Mimi bado. Imebaki sehemu ya pili.

Mlango huu una ufa. Kuna mtu kwenye ujia wa nyuma. Bergsveinn! Anadhani yuko peke yake. Kavaa ovaroli iliyofubaa, kofia kisogoni, tumbaku ya kunusa mgongoni mwa kiganja. Anatembea hadi ukutani na kurudi. Anachechemea. Kwenda na kurudi, anajipima, anaanza upya.

Nilikawia kuelewa. Hakuna mwingine bondeni aliyevaa kofia hivyo.

Ni Ormur. Hawanileti mimi peke yangu jukwaani, wanamleta na yeye. Mume wangu atakuja kunicheka kwa ajili ya yule dume, mbele ya watu wote. Mistari inapanda na kushuka. Sijui nitacheka au nitalia, na safari hii sijali watu wakiona.

Ila anachechemea mguu wa kulia! Farasi alimpiga Ormur wa kushoto, kila mtu anajua, atawavuruga watu ukumbi mzima. Nikitoka nitakuwa nimevunja siri ya kamati, jambo ambalo hapa halijawahi kufanywa na mtu mwenye akili timamu.

Kengele imelia. Anageuka tena pale ukutani, mguu ule ule usio wake. Hapana. Natoka kumwonyesha ni upi.