Jiwe la Mlangoni kwa Akina Outhwaite

Mama Hulda mpendwa,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, naandikia ndani ya gari kwa sababu nyumbani siku hizi kila mtu anachungulia ninachoandika. Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa hapahapa Wisconsin, na tangu nistaafu ualimu nimekuwa mtafuta ukoo, yaani ndugu wakitaka kujua babu alitoka wapi wananipigia simu mimi, na sikufichi, nilikuwa nimeanza kujiona mtu. Babu yetu mkuu ni Jabez Outhwaite, Mwingereza wa Yorkshire aliyekuja kulima huku enzi za mikokoteni ya ng'ombe, akafyeka msitu, akajenga banda la mawe ambalo mpaka leo baba yangu mdogo Delmar anakamulia ng'ombe humo, na kila Agosti ukoo mzima tunakutana pale shambani kula na kusifiana.

Sasa mwaka juzi mimi na binamu yangu Gayle tulikwenda Uingereza kutafuta asili yetu, tukafika kijiji tulichoambiwa ndicho, tukamuuliza mzee mmoja kwenye baa kama anawajua akina Outhwaite, akasema anawajua sana, nusu yao walikuwa wachunga kondoo na nusu wezi wa kondoo, Gayle akanuna, tukatoka, tukaingia duka la zawadi za watalii ambako muuzaji alibonyeza jina letu kwenye kompyuta ikatoka nembo ya ukoo, simba kasimama kwa miguu miwili kashika ufunguo, basi tukaamini, Mama Hulda, tukaamini kwamba sisi ni watu wa simba. Simba huyo amechapwa kwenye fulana za ndugu wote kwa ajili ya mkutano wa wiki ijayo, na mimi nimechapisha turubai kubwa la mti wa ukoo, pale shinani Jabez na mkewe Lavinia, binti wa wenye kinu cha kusaga nafaka, ambaye kaburi lake kanisani lina nguzo ya marumaru na kila mwisho wa Mei tunalipelekea maua, watoto tunawapanga mstari tunawaambia huyu ndiye bibi aliyemzaa Thomas, na Thomas ndiye aliyetuzaa sisi wote.

Juzi nikaenda shambani kupiga picha za banda, nikamkuta baba mdogo Delmar anang'oa jiwe la mlangoni kwa trekta, kwani Jumamosi anakuja mtu wa zege kumwaga ngazi mpya ili wageni wasijikwae. Jiwe hilo nalijua tangu utoto, ndilo tulilokuwa tunakwangulia samadi viatuni kila tukitoka kukamua. Likainuka na mnyororo, likageuka, na upande wa chini lina maandishi: Hannah, mke wa Jabez Outhwaite, mzaliwa wa Yorkshire, mama wa Thomas. Mama Hulda, nililisoma mara mbili. Thomas ni babu wa babu yangu. Kumbe kwa Lavinia hatuna damu hata tone, na aliyetuzaa tumekuwa tukimpangusia mavi ya ng'ombe.

Nilidhani baba mdogo atashtuka kama mimi. Wapi! Akazima trekta, akatema mate pembeni, akasema: "Lavinia hakutaka kuliona akiwa jikoni. Dirisha lilikuwa linatazama kaburi. Jabez akaling'oa, na jiwe zuri halitupwi." Nikamuuliza kaburi lenyewe liko wapi, akanionyesha kwa kidevu pale pale tunaposhindana kurusha viatu vya chuma vya farasi kwenye vigingi kila Agosti. Anasema aliambiwa na baba yake siku ya kukabidhiwa shamba, kama alivyoambiwa shamba lipi hutuama maji, na baba yake naye aliambiwa vivyo hivyo. Kisha akaniambia jiwe litakwenda chini ya zege liwe msingi, na mimi na turubai langu nifunge mdomo. "Unataka watu waje kula," akasema, "halafu uwaambie walikuwa wanamkanyaga mama yao?"

Gayle naye anasema tumwachie mzee, fulana zimeshafika, zege likishakauka tutawaambia watu polepole mwakani. Na ukweli ni kwamba moyo wangu nusu unakubaliana naye, maana nikisimama kusema, nani ataniamini tena mimi mtafuta ukoo niliyewaletea simba wa dukani? Lakini tangu juzi kila nikifuta viatu mlangoni kwangu jina la Hannah linanijia. Nishauri kabla ya Jumamosi, nisaidie.

Ni mimi, Mtafuta Ukoo Aliyepotea.

*

Haya wasikilizaji, bei za mahindi na nguruwe mmezisikia hapa redioni, na barua nimewasomea, sasa tusikilizane. Majina yote ya barua hii nimeyabadilisha, lakini mwenye banda atajijua.

Mtafuta Ukoo, pole. Nimeanza na pole kwa sababu baada ya hapa hutaisikia tena. Umepanda ndege, umevuka bahari, umemhoji mlevi, umenunua simba, na muda wote huo aliyekuzaa alikuwa mlangoni kwenu akikusubiri ufute viatu. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa. Nyinyi hamkukataa tu, mlilipuka kwa vicheko juu ya kaburi mkirusha vyuma na kuhesabu pointi.

Yule mzee wa baa ndiye mtu pekee aliyewaambia ukweli katika safari nzima, mkamnunia. Nani alikwambia mchunga kondoo ni aibu? Unadhani mtu mwenye ngome na simba anaacha ngome yake aje kung'oa visiki Wisconsin wakati wa barafu? Walikuja maskini, mama wee. Walikuja na njaa zao, na Hannah alikuja na mimba au aliibebea hapa, sijui, lakini alizaa, akafa, na akaachiwa jiwe moja. Hilo moja ndilo mlilomnyang'anya.

Na huyo Jabez mnayemsifia kila Agosti! Mfyeka misitu, mjenga mabanda, mwanamume wa shoka, akashindwa kumwambia mkewe afunge pazia. Akaona heri amng'oe marehemu kuliko kulala na mke aliyenuna. Msimfanyie sanamu.

Lavinia maua yake msimwondolee. Alilea mtoto asiye wake, na mtoto akakua akazaa ukoo mzima wa wala saladi ya viazi, hiyo si kazi ndogo. Lakini kulea ni jambo moja, na kumfuta aliyezaa ni jambo jingine. Mwakani maua yaende makaburi mawili.

Sasa wewe. Unaniuliza nani atakuamini tena. Kumbe shida yako si Hannah, shida yako ni cheo! Mwalimu mzima, ulikuwa unawapa watoto sifuri kwa kunakili majibu ya jirani, na wewe umenakili babu kutoka dukani. Ukikosea ubaoni ulikuwa unafanya nini? Unafuta, unaandika tena, darasa linaona. Fanya hivyo hivyo. Na hilo la kuwaambia watu polepole mwakani acha kabisa. Ukiacha zege limwagwe, mwakani utasimama mbele yao ukiwa na hadithi mkononi bila jiwe, na Delmar atasema umezeeka, na watamwamini yeye.

Leo ni Alhamisi. Watu wa zege katika wilaya hii si wengi, mpigie huyo wa Delmar wewe mwenyewe mchana huu, mwambie ngazi aje kumwaga, lakini kwenye udongo mtupu, jiwe asiliguse. Kesho asubuhi nenda na Gayle na binamu wenye migongo imara, mlitoe jiwe pale mlangoni. Lisugueni kwa maji na brashi laini, msitie dawa za kufulia zitakula maandishi. Mkikosa matambara, fulana za simba ni pamba nzuri, zitafaa. Kisha ng'oeni vile vigingi vya mchezo, mlisimamishe hapo hapo kaburini, litazame dirisha la jikoni kama zamani.

Siku ya mkutano, kabla mtu hajashika sahani, panda kwenye benchi. Chukua kalamu nene, na mbele ya watu wote uandike Hannah kwenye turubai lako, useme ulikosea, useme simba ni wa dukani, uwapeleke wakamwone. Usitoe hotuba ndefu. Watakaokasirika watakasirika na bado watakula, sijawahi kuona mtu wa huku akisusia pai kwa ajili ya heshima.

Na wewe mwenye banda. Najua unanisikia, saa hizi ndiyo umemaliza kukamua na redio yako huwa haizimwi. Nakujua kwa sura, baba, tumesimama pamoja kwenye foleni ya chakula cha ng'ombe. Jiwe hukuligeuza wewe. Ulirithishwa aibu pamoja na shamba, ukaambiwa ndivyo mtu mzima anavyobeba, na umeibeba peke yako miaka yote hii ukikanyaga jina hilo asubuhi na jioni. Sidhani kama umekuwa ukikanyaga kwa raha, ndiyo maana sikutukani kama nilivyowatukana wenzako.

Lakini aibu ya Jumamosi, jiwe likifukiwa, itakuwa ya kwako, si ya Jabez wala ya baba yako. Kabla hujampungia mkono yule wa zege amwage, vua kofia, lisome hilo jina mara moja kwa sauti. Bila huyo mwanamke, hata wewe wa kummwagia zege usingekuwepo.